PETROLI SI MAFUTA YA TAA: KIDUMU CHAKO KINALALA WAPI?



Endasak ipo kando ya barabara kuu ya kutoka Babati kwenda Katesh na Singida. Malori yanapita usiku na mchana. Lakini petroli ikiadimika, malori yanapita tu, na sisi tunabaki na pikipiki zetu zimeegemea ukuta.

Mwaka 2023, kati ya Julai na Septemba, tuliyaona hayo. Dola za kununulia mafuta nchi za nje zilikuwa chache. Tena wapo wenye vituo walioficha mafuta wakingojea bei ipande, na mwezi wa Septemba EWURA ilisimamisha leseni za baadhi yao. Wazee wanakumbuka uhaba mkubwa zaidi, ule wa baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Siku hizo magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri ili mafuta yasiishe.

Uhaba ukija, kila mtu anatafuta kidumu. Aliyezoea kununua lita 2 sasa anataka 20. Hatumlaumu. Mwenye bodaboda akikosa petroli, watoto wanakosa ugali. Mwenye pampu ya kumwagilia vitunguu akikaa siku chache bila mafuta, bustani inanyauka mbele ya macho yake. Lakini tunamwuliza: mwenzetu, kidumu hicho kinalala wapi? Wengi wanakiweka chumbani, chini ya kitanda, kwa kuogopa wezi. Basi tuseme wazi. Mwizi akiiba lita 20 za petroli, amekuachia nyumba na watoto. Moto hauachi.

Kwanza tuelewe petroli ni kitu gani. Watu wanaidhania kuwa ndugu wa mafuta ya taa, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Mafuta ya taa yakiwa baridi katika bakuli hayashiki moto upesi. Yanataka utambi, au yapashwe joto kwanza. Petroli haitaki utambi. Hata asubuhi ya baridi kali ya mwezi wa Julai, petroli inatoa mvuke. Mvuke huo huuoni kwa macho, unausikia kwa pua tu. Na unaowaka ni huo mvuke, siyo yale maji maji.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Kwa hiyo haupandi juu kama moshi. Unashuka chini na kutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika. Unapita chini ya mlango. Unaingia jikoni. Ukifika kwenye mafiga yenye kaa moja tu, moto unawaka hapo, halafu unarudi mbio kwa njia ile ile mpaka kwenye kidumu. Ndiyo maana mtu anasema, "Mbona kidumu kilikuwa chumba cha pili?" Ni kweli kilikuwa chumba cha pili. Mvuke wake ulikuwa jikoni.

Taifa zima lililia kwa sababu ya mvuke huo tarehe 10 Agosti 2019. Huko Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakakimbilia na vidumu kuchota petroli iliyomwagika. Moto ulipolipuka uliwakuta katikati ya mvuke, hata wale waliosimama pembeni kutazama. Walikufa watu zaidi ya 100. Lori likianguka hapa barabarani kwetu, kimbia mbali nalo, na uwaite watoto waje huko uliko.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walibeba petroli jangwani Afrika ya Kaskazini kwa madebe ya bati jembamba ya galoni 4. Debe hilo ni ndugu wa hili tunalopimia mahindi. Yalivuja vibaya sana. Wajerumani walikuwa na chombo cha chuma kigumu cha lita 20, chenye mishikio mitatu na kifuniko cha kubana. Waingereza walipokiteka wakakiiga. Kwa kuwa askari wao walimwita Mjerumani "Jerry", chombo kikaitwa jerikeni, na jina limefika hadi kwetu. Jerikeni ya chuma ya namna hiyo, au ya plastiki nzito iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli, ndiyo inayofaa. Kidumu cha mafuta ya kula kifuniko chake hakibani sawasawa, na plastiki nyingine hulegea. Chupa ya soda au ya maji usiitumie kabisa. Mtoto akiwa na kiu haulizi, anakunywa.

Usijaze mpaka mdomoni. Petroli ikipata joto huongezeka. Lita 20 zilizojazwa asubuhi ya baridi, joto likipanda nyuzi 20 mchana, zinaongezeka kiasi cha kujaza chupa ya soda. Kiasi hicho kitakwenda wapi kama hukuacha nafasi? Kitapasua chombo au kitasukuma kifuniko. Acha nafasi kama upana wa vidole vinne juu.

Tena, kituoni teremsha kidumu chini ardhini ndipo kijazwe. Kisijazwe kikiwa juu ya pikipiki wala ndani ya gari. Umewahi kuvua sweta wakati wa kiangazi ukasikia inatatarika, ukaona na vicheche gizani? Ule ni umeme. Petroli inapotiririka kwenye plastiki huleta umeme wa namna ile ile, na cheche moja inatosha. Chombo kikiwa chini, umeme una njia ya kwenda ardhini.

Nyumbani, tafuta banda au kibanda kidogo chenye kivuli na kufuli, umbali wa hatua 15 au zaidi kutoka jikoni na mahali pa kulala. Acha matundu chini kabisa ya ukuta, kwa sababu mvuke hutokea chini. Kama una dirisha la juu tu, hujausaidia. Usiku usiingie na kibatari. Tumia tochi, na uiwashe ukiwa bado nje. Weka mafuta ya kukutosha wiki moja tu. Petroli iliyokaa miezi mingi huchakaa, na injini inakataa kuwaka. Na ukianza kuuzia majirani kwa chupa, ujue unavunja Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, maana huna leseni.

Kidumu kitupu nacho ni hatari. Kimejaa mvuke. Usimpelekee fundi wa kuchomelea akizibe tundu.

Vijana wetu wana tabia ya kuvuta petroli kwa mdomo na mpira. Ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua. Aliyemeza asitapishwe, maana akitapika inapita tena karibu na mapafu. Apelekwe zahanati haraka.

Moto ukitokea, usimwage maji, maana petroli huelea juu ya maji na moto unasambaa nayo. Ukiwa mdogo, ufunike kwa mchanga. Ukiwa mkubwa, toa watu, acha vitu, piga simu 114 ya Zimamoto. Nguo ikishika moto usikimbie, lala chini ujiviringishe. Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya baridi kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta, kisha apelekwe zahanati.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kidumu kilicho chumba cha pili kinaweza kuwaka kwa moto wa jikoni?
2. Katika kitongoji chenu, ni nyumba ngapi zina petroli usiku wa leo? Iko wapi?
3. Je, wenye bodaboda wanaweza kujenga banda moja la pamoja, mbali na nyumba? Nani atashika ufunguo?