Dondoo muhimu: Je, thamani imo kwenye orodha ya XSLT?

Katika XSLT, kigeu cha xsl:variable kikishapewa thamani hakibadiliki tena. Basi achana na mtindo wa kuweka alama ya "haimo", kuizungukia orodha, kisha kuigeuza alama iwe "imo". Uliza swali moja tu. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2007, inatosha kuandika @nchi = ('TZ', 'KE', 'UG'). Alama ya = hukubali thamani ikilingana na walau kimoja kilichomo.

Wengi hujikwaa kwenye kinyume chake. Ukitaka kujua kama thamani haimo, usitumie !=, kwa sababu hiyo huuliza kama kipo hata kimoja kisicholingana; kwa nchi tatu tofauti, maadamu @nchi ipo, jibu ni ndiyo siku zote. Andika not(@nchi = ('TZ', 'KE', 'UG')).

Ukibanwa na toleo la 1.0, tumia contains('|TZ|KE|UG|', concat('|', @nchi, '|')). Vistari vya pembeni ni lazima: bila hivyo hata "T" peke yake itapita. Data ikija na nafasi za ziada, ipitishe kwanza kwenye normalize-space(). Orodha ndefu sana iweke kwenye faili lake la XML, uitangazie xsl:key, kisha utafute ndani yake kwa key().