Usingizi kwenye usukani

SWALI: Daktari, mume wangu ni dereva wa lori, hupeleka dagaa Dar es Salaam. Anasema akifungua dirisha, akapandisha muziki na kunywa kinywaji cha kuongeza nguvu, usingizi unakimbia. Ni kweli?
Mama Neema, Nyegezi, Mwanza

JIBU: Mama Neema, hayo humchangamsha kwa muda tu. Dawa ya usingizi ni kulala. Safari hiyo inazidi kilomita 1,000, na dereva akiwa peke yake hukaa macho saa nyingi. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba aliyekaa macho saa 17 mfululizo huzubaa kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu.

Akisinzia sekunde nne tu kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori hukata karibu mita 90 bila dereva. Saa mbaya zaidi ni kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, kisha mchana baada ya kula.

Akianza kupiga miayo mfululizo, kope zikawa nzito, tairi likagusa ukingo wa lami au asikumbuke kijiji alichopita, aegeshe mahali salama. Anywe kahawa kikombe kimoja, alale dakika 20 papo hapo. Kahawa itaanza kazi akiamka. Usiku unaofuata alale kwa muda wa saa 7 au 8. Kama hukoroma sana na kuamka amechoka, aje hospitali apimwe.

Na tajiri wake aambiwe wazi: safari ndefu inataka madereva wawili.