Asiyekula Nyama Akiingia Hotelini Kehancha

Ingia hoteli yoyote ya Kehancha saa saba mchana uulize kuna chakula gani. Mhudumu atakusomea kwa pumzi moja: ugali nyama, ugali matumbo, ugali kuku, samaki wa kukaanga, omena, wali nyama, pilau, chapati nyama. Maharagwe yatatajwa mwisho, tena kwa sauti ya chini. Hili halishangazi. Huu ni mji wa Wakuria, watu ambao mahari yao, heshima yao na undugu wao vimepimwa kwa ng'ombe tangu mababu, upande huu wa mpaka wa Kenya na Tanzania na upande wa Tarime. Anayesema hali nyama hudhaniwa ni mgonjwa, au ana nadhiri, au mfuko umemkaukia na anaona haya kusema.

Hata hivyo chakula chake kipo. Sukuma wiki ipo, maharagwe yapo, ndengu, managu, viazi vitamu na ndizi vinapita sokoni kila siku. Kinachomkwamisha ni namna vinavyopikwa na namna anavyouliza. Ndiyo maana nimeandika makala haya, kwa sababu nimeona watu wengi wakishindia chai na mandazi katika mji uliojaa chakula.

Kwanza, asiyekula nyama asijione kituko. Kanisa la Waadventista Wasabato lilianza kazi Kenya mwaka 1906 pale Gendia, karibu na Kendu Bay katika kaunti inayoitwa Homa Bay leo. Walioanzisha walikuwa Arthur Carscallen kutoka Kanada na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya sasa. Kutoka hapo imani hiyo ilienea Kisii, Migori na Kuria. Wasabato hawali nguruwe wala samaki asiye na magamba kama mumi, na wengi huishia hapo. Lakini mafundisho yao ya afya yamesifu mlo wa mimea tangu enzi za Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa hilo, na wapo walioacha nyama kabisa. Ongeza wagonjwa wa gauti waliokatazwa na daktari, Marasta, wageni wa Kihindi, Wakatoliki wakati wa Kwaresima, na vijana ambao dhamiri yao haikubali mnyama achinjwe kwa ajili yao. Hesabu hiyo si ndogo.

Hapa pana faida ya wazi. Mwenye hoteli akiwa Msabato, mara nyingi hutahitaji kujieleza sana, na huenda tayari anapika mboga kivyake. Kumbuka tu kwamba hafungui kuanzia Ijumaa jua linapotua hadi Jumamosi jioni. Ukifika mjini Jumamosi mchana, panga mapema utakula wapi.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Kipande cha nyama utakiona ukiletewa. Supu huioni.

Tazama jikoni kwenye kibanda chenye majiko mawili. Alfajiri mifupa hutiwa maji na kuchemka mpaka saa nne, kwa ajili ya wanaokunywa supu kabla ya kazi. Inayobaki haimwagwi. Mchana, sukuma ikianza kukauka kwenye karai, mpishi huchota upawa mmoja wa ile supu akaimwagia ilainike na ipate ladha. Maharagwe yaliyochemshwa jana hukaangwa kwa kitunguu na nyanya, na yakionekana mazito huongezewa rojo kutoka sufuria ya nyama. Mteja wa kawaida hufurahia jambo hilo. Kisha kuna ukarimu wa mhudumu: akiona wali wako hauna nyama, atakuonea huruma na kuumwagia mchuzi wa nyama bila kukuuliza na bila kukutoza. Amefanya wema. Lakini wewe umekosa chakula.

Baada ya supu, mlango wa pili wa nyama kuingia sahanini ni karai. Kibanda kidogo hukaanga nyama, kisha sukuma huingia humo humo juu ya mafuta yale yale. Chipsi nazo huogelea katika mafuta yaliyokaanga samaki na kuku tangu asubuhi. Mlango wa tatu ni vikolezo vya pakiti na vya vipande, ambavyo vingine vimetengenezwa kwa ladha ya nyama au kuku. Kama jambo hili lina uzito kwako, omba uonyeshwe pakiti usome. Kwenye bucha la nyama choma, kachumbari hukatwa kwa kisu kilichotoka kukata mbuzi, juu ya ubao ule ule. Anayejizuia kwa sababu ya gauti anaweza kupuuza hilo. Aliyejizuia kwa imani hawezi.

Na pilau njeri, hiyo inayouzwa kwa jina la pilau isiyo na nyama? Mara nyingi ni pilau ya nyama iliyopakuliwa bila vipande. Mchele umeiva ndani ya supu tangu mwanzo. Iache, isipokuwa mpishi mwenyewe akuhakikishie imepikwa kwa maji na viungo tu.

Kwa hiyo swali linalosaidia ni lile linalogusa mapishi. Sikiliza mazungumzo kama haya, yanayoweza kutokea kwenye meza yoyote:

"Mama, habari ya kazi? Maharagwe yana nyama?"

"Hapana, mwanangu. Ni maharagwe tu."

"Yamekaangwa na nini? Yameongezwa supu?"

"Ah, supu kidogo tu, ya kulainisha."

Mama hakudanganya hata mara moja. Aliulizwa kuhusu nyama akajibu kuhusu nyama. Basi sema yote kwa sentensi moja tangu mwanzo: "Sili nyama, kuku, samaki, omena, wala supu yake." Usipotaja kuku na samaki, utaletewa, kwa sababu kwa watu wengi nyama ni ya ng'ombe na mbuzi tu. Kama huli mayai au maziwa, litaje hilo pia. Ukivuka mpaka kwenda Sirari au Tarime, agiza mboga za majani kwa jina lake kamili. Huko mboga ni kitoweo chochote kinachoshusha ugali, hata nyama. Zungumza na mpishi kuliko mhudumu, kwa upole, na usimtolee hotuba ya mateso ya wanyama wakati ana wateja ishirini wanaosubiri.

Dawa iliyo bora kuliko maswali yote ni muda. Pita hotelini saa nne au saa tano asubuhi, kabla ya kukaanga kuanza, uombe hivi: "Mama, nitenge maharagwe kabla hujayaunga, unikaangie kwa mafuta ya chupa, kitunguu na nyanya kwenye sufuria safi. Narudi saa saba." Wapishi wengi hukubali, hasa ukilipa kabla. Anayefika saa nane akiwa na njaa na kuanza kuhoji kila sufuria anaomba kitu ambacho jiko haliwezi tena kumpa.

Chagua vyakula ambavyo kwa asili havihitaji nyama. Chapati na ndengu ni salama mara nyingi, ingawa swali la supu libaki. Vyakula hivi viwili vilienea kwetu pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi waliofuata reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, na miongoni mwao walikuwamo watu ambao jamaa zao hawajaonja nyama kwa vizazi. Githeri, au nyoyo kwa jirani zetu Wajaluo, huchemshwa mahindi na maharagwe na chumvi, na nyoyo ya sokoni ambayo haijakaangwa haina pa kuficha supu. Ipate na parachichi lililoiva, umekula. Matoke yaulizie, kwani hupikwa sana pamoja na nyama. Chapati na mandazi, asiyekula maziwa wala mayai aulize unga umekandwa na nini.

Mboga za kienyeji zinastahili maneno zaidi, kwa sababu ndizo utajiri wa eneo hili: managu ambayo Wajaluo huita osuga, saga ambayo kwao ni dek na kwa Wakisii ni chinsaga, mrenda au apoth, kunde, mitoo, majani ya malenge. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza kazi ya Kenya ya kuokoa vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi, na mboga hizi ndizo zilizokuwa katikati ya kazi hiyo. Kwa anayekula maziwa, saga iliyochemshwa taratibu ikapoozwa ukali wake kwa maziwa ni chakula ambacho hakuna sababu ya kukionea aibu mbele ya sahani yoyote ya nyama. Lakini maziwa hayo hayo, na samli inayotiwa kwenye mrenda na kunde, ni kikwazo kwa asiyekula chochote kitokacho kwa mnyama. Uliza. Mvua ndefu za Machi hadi Mei huzileta mboga hizi kwa wingi. Kiangazi cha Januari na Februari huzipunguza, na ndipo sukuma hutawala sahani.

Neno kuhusu afya, kwa kuwa wengi hula nje kila siku ya kazi. Ugali na sukuma peke yake hushibisha tumbo na kuacha mwili na njaa. Mahindi yana upungufu wa laisini, moja ya vijenzi vya protini, na maharagwe, ndengu na kunde vinayo kwa wingi. Ndiyo maana githeri ni mlo uliokamilika kuliko unavyoonekana. Kwa hiyo kila mlo wako wa hotelini uwe na jamii ya kunde, au njugu karanga, ambazo zinalimwa kwa wingi Migori na Homa Bay. Mwili hufyonza madini ya chuma kutoka kwenye mimea kwa shida, na chai huzidisha shida hiyo. Chapati, maharagwe na kikombe cha chai pamoja ni mlo unaopendwa sana, lakini ni bora chai ingoje kama saa moja baada ya kula. Badala yake, kamulia limau juu ya mboga au kula chungwa au papai. Vitamini C husaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Uji wa wimbi una kalsiamu nyingi, takriban miligramu 340 katika kila gramu 100 za nafaka.

Vitamini B12 ndiyo isiyo na mjadala: mimea haina. Anayekunywa maziwa na kula mayai huipata. Asiyekula hivyo anahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inalazimisha unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti uongezewe vitamini na madini, B12 ikiwemo, lakini unga wa posho mill ya mtaani hauna nyongeza hiyo, na huo ndio unaosongwa ugali katika hoteli nyingi. Mama mjamzito aliyeacha vyote vitokavyo kwa mnyama amweleze muuguzi wa kliniki waziwazi.

Ukisafiri kuelekea Ziwa Victoria, Muhuru Bay, Sori, Mbita au Homa Bay mjini, jiandae zaidi. Huko samaki ndiye chakula, na mafuta ya jikoni yote yamemjua. Beba karanga, ndizi na viazi vitamu vilivyochemshwa. Ukipitia njia ya Kisii na Oyugis, viazi vya Kabondo utavikuta barabarani. Hotelini omba ugali na mboga zilizochemshwa tu.

Mtihani mgumu zaidi hauko hotelini, uko nyumbani kwa watu. Kwenye harusi, matanga au sherehe za jando za Desemba, fahali huchinjwa kwa heshima ya wageni, na kukataa sahani mbele ya mzee kunaweza kusomwa kama kumkataa yeye mwenyewe. Usisubiri kupakuliwa. Tuma habari kwa mwenyeji siku moja kabla, au ukifika msalimie mama wa jikoni kwanza umwombe akuwekee ugali na mboga kando. Sababu ya imani au ya daktari hueleweka upesi. Pokea sahani kwa mikono miwili, kula ulichopewa ushibe waziwazi, na kunywa uji ukikaribishwa. Mwenyeji hutazama kama umekula nyumbani kwake.

Pamoja na hayo, una haki. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu anachonunua, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumpotosha. Ukiletewa kilicho na supu baada ya kuhakikishiwa hakina, irudishe sahani kabla hujaendelea kula, na ulimalize jambo na mwenye hoteli pembeni. Ukimfokea mhudumu mbele ya wateja atakachotetea ni heshima yake, na sahani itabaki ile ile.

Wenye hoteli wasome hili kama biashara. Sufuria moja ya maharagwe na karai moja la mboga visivyofikiwa na upawa wa supu vinamlisha Msabato, Mhindi, mgonjwa wa gauti, Mwislamu asiyejua nyama imechinjwa na nani, na mwanafunzi ambaye nyama imemshinda bei. Nyama isiyouzwa leo ni hasara kesho, na maharagwe makavu hukaa guniani miezi. Kinachohitajika ni kuyatenga kabla ya kuunga, kuwa na mwiko wake peke yake, na kumfundisha mhudumu ajibu kwa uhakika akiulizwa yamekaangwa na nini.