Bunduki ya Upepo ya Springi na Kipimo Chake cha Sheria

Panya wa ghalani hula nafaka usiku na mchana, na kile wasichokula hukichafua. Kwa sababu hiyo wakulima wengi wa Uingereza huweka nyumbani bunduki ya upepo, isiyotumia baruti wala kuwa na kishindo kikubwa. Karatasi hii yaeleza jinsi bunduki hiyo ifanyavyo kazi, na jinsi ya kuitengeneza ipige sawasawa pasipo kupita kipimo cha sheria. Sheria zitajwazo humu ni za huko Ulaya. Mkulima wa Afrika Mashariki asizichukue kuwa ni ruhusa kwake. Na aulize kwanza katika kituo cha polisi cha kwao, kabla ya kununua.

KIPIMO. Katika England na Wales bunduki ndefu ya upepo haipasi kupita nguvu ya futi-ratili 12, na bastola ya upepo futi-ratili 6. Futi-ratili 12 ni nguvu itoshayo kuinua mzigo wa ratili 12 kwa kimo cha futi 1. Kwa hesabu ya jouli ni 16.27. Bunduki ndefu ikizidi hapo huhesabiwa kuwa silaha ya moto, na mwenye kuiweka bila cheti amevunja sheria, hata kama hajapiga nayo kitu chochote. Katika Scotland, tangu tarehe 31 Desemba 2016, hata bunduki ya upepo iliyo chini ya kipimo hicho yahitaji cheti. Ujerumani ni wakali zaidi: bunduki iuzwayo huko bila kibali haipiti jouli 7.5.

Jambo moja lasahauliwa mara nyingi. Sheria haiulizi bunduki yako ilipiga kwa nguvu gani jana, bali yauliza yaweza kupiga kwa nguvu gani. Mpimaji akitia risasi ya namna nyingine, na nguvu ikazidi 12, mwenye bunduki ana hatia, ijapokuwa yeye mwenyewe hakuitumia risasi ile kamwe.

JINSI IFANYAVYO KAZI. Ndani ya bunduki mna silinda ya chuma, na ndani ya silinda mna pistoni inayosukumwa na springi nene. Ukiuvunja mtutu kwa chini, springi hujikunja na pistoni hurudi nyuma mpaka ishikwe. Ukivuta kifyatulio, pistoni huruka mbele na kuikandamiza hewa. Hewa hupita katika kitundu chembamba na kuisukuma risasi. Mambo haya yote hutokea kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Bunduki hurudi nyuma kidogo pistoni inapoondoka, kisha hurushwa mbele pistoni inaposimama. Na risasi ingali ndani ya mtutu. Ndiyo maana bunduki hii haitaki kubanwa kwa nguvu begani kama bunduki ya baruti. Iweke juu ya kiganja kilicho wazi, mahali pale pale kila mara, uiache icheze ipendavyo.

Hewa ikikandamizwa ghafula hupata moto mkali. Mafuta yaliyo mbele ya pistoni huweza kuwaka, kama yawakavyo katika injini ya dizeli. Akina Cardew wa Uingereza, walioandika vitabu juu ya bunduki hizi, walijaribu kupiga bunduki ya namna hii ndani ya gesi ya nitrojeni, ambamo kitu hakiwezi kuwaka, na mwendo wa risasi ukapungua sana. Basi mtu atiaye mafuta mengi akidhani anailinda bunduki yake, huenda anaivusha mpaka wa sheria bila kujua.

SPRINGI YENYE NGUVU KUPITA KIASI. Wengi hudhani kwamba springi ndefu na ngumu ndiyo bora. Sivyo. Chini ya nusu ya nguvu ya springi ndiyo ifikayo katika risasi. Iliyobaki hupotea kwa msuguano, joto na mtikiso. Springi kali mno hutupa pistoni kwa kasi, pistoni hugonga mto wa hewa na kuruka nyuma, bunduki hutetemeka, na shabaha huharibika. Kwa kuwa sheria imekwisha kuweka mpaka, hakuna faida ya kuongeza nguvu. Kazi ya fundi ni kuondoa mtikiso.

Mtikiso huo mara nyingi hutoka katika springi iliyolegea juu ya fimbo inayoiongoza. Ukisikia bunduki ikilia kama uzi wa zeze baada ya kupiga, tafuta fimbo ya plastiki ngumu iliyochongwa iingie springi bila kuchezacheza. Ncha za springi ziwe bapa, zimesuguliwa laini. Ibiringishe springi juu ya meza: ikiyumba, imepinda, haifai tena. Paka girisi kidogo sana, kama utando. Washa ya ngozi, iliyomo katika bunduki nyingi za zamani, yahitaji matone machache ya mafuta isikauke. Ya plastiki haihitaji karibu chochote. Mafuta ya taa yasiingie kabisa.

Kabla ya kufungua bunduki, jua kwamba hata isipokokiwa springi yake imekandamizwa. Ifunge katika jiriwa yenye kishikizo cha kuizuia springi, uilegeze polepole. Aliyeifungua mikononi huweza kupigwa usoni na kipande cha chuma. Kadhalika, utiapo risasi, shika mtutu kwa mkono mmoja muda wote, maana kishikio kikiteleza mtutu hufunga na kuvunja vidole. Wala usifyatue bunduki bila risasi, kwa kuwa pistoni hukosa mto wa hewa na kugonga chuma.

KUPIMA. Kila ulipogusa springi, washa au girisi, pima upya kwa kronografu. Piga kwanza risasi kadhaa ili mafuta yaliyozidi yamalizike kuwaka. Hesabu ni hii: zidisha mwendo (futi kwa sekunde) kwa mwendo huo huo, zidisha tena kwa uzito wa risasi kwa greini (greini 7,000 ni ratili 1), kisha gawanya kwa 450,240.

Tuseme risasi ni ya greini 8.44. Ikienda futi 780, nguvu ni 11.4. Ikienda futi 800, ni 11.997. Ikienda futi 801, umekwisha kupita. Risasi ya greini 16 hufika mpaka huo kwa futi 581 tu. Kwa hiyo fundi mwangalifu hujiwekea nafasi, akaishia kati ya 11 na 11.5, naye hupima kwa risasi nyepesi, za kadiri na nzito, maana kila moja hutoa jibu lake. Ikizidi, ondoa pete za chuma zinazoikandamiza springi, au tia springi iliyo dhaifu zaidi, kisha pima tena. Andika mwendo, uzito na tarehe katika daftari, uiweke pamoja na bunduki.