Dondoo muhimu: Mzigo wa hatari, macho wazi

Sheria ya Marekani inataka kila anayefungasha, kupakia au kusafirisha kemikali hatari afundishwe kutambua dalili za wizi na hujuma: mwajiriwa mpya ndani ya siku 90, kisha marudio angalau kila miaka 3. Usingoje darasa. Dereva akija kuchukua mzigo, linganisha sura yake na kitambulisho, kisha namba ya gari na ile iliyo kwenye oda. Haraka zake zisikufanye uruke hatua hii, maana ndiyo kubwa kuliko zote. Andika namba ya lakiri kabla gari halijatoka. Njia na saa ya safari usizitaje mgahawani wala kwenye kundi la WhatsApp. Mgeni akiuliza klorini inakaa ghala gani, usimkabili peke yako. Mjulishe msimamizi papo hapo, hata kama una shaka tu.