Maumivu ya Tumbo yatokayo katika Mishipa ya Damu ya Watoto

Mtoto akilia tumbo huku kwetu Karagwe na Kyerwa, twasema upesi: ni minyoo. Mara nyingi ni kweli. Lakini uko ugonjwa mwingine, usiotokea sana, ambao yawapasa wazazi na waalimu kuujua, maana katika huo dawa ya kuharisha yaweza kumdhuru mtoto.

Waitwa kwa majina ya waganga wawili wa Ujerumani. Schönlein aliandika mwaka 1837 habari za madoa ya ngozi pamoja na maumivu ya viungo. Henoch akaeleza habari za tumbo mwaka 1874. Siku hizi huitwa pia vaskulitisi ya IgA. Huwapata hasa watoto wa miaka 3 hata 15, mara nyingi baada ya mafua au maumivu ya koo. Kinga ya mwili hushikamana na kuta za mishipa midogo ya damu. Kuta zavimba, damu yavuja. Ikivuja katika ngozi, madoa huonekana. Ikivuja katika utumbo, mtoto huumwa, hutapika, pengine hutoa choo chenye damu.

Hatari kubwa ni hii: utumbo uliovimba waweza kuingia ndani ya utumbo ulio karibu nao, kama mkono wa kanzu uliovutwa ndani. Huwapata wachache, kama 3 au 4 katika wagonjwa 100, lakini usipofunguka sehemu ile hukosa damu ikafa, na pengine hapana budi kupasua.

Tena tumbo laweza kutangulia madoa kwa siku kadhaa, hata majuma mawili. Na ngozi yetu nyeusi huficha wekundu. Basi mvueni mtoto nguo, mtazameni miguu na matako mahali penye mwanga. Madoa haya huinuka kidogo, wala hayafifii yakibonyezwa kwa bilauri. Jirani atauliza ni nani aliyempiga, au aliyemroga. Na saa zapita bure.

Akitoa damu, akitapika matapishi ya kijani, au maumivu makali yakija na kuondoka, msimpe dawa yo yote ya nyumbani. Mpelekeni siku ile ile hospitali ya Nyakahanga, au iliyo karibu nanyi.

Walio wengi hupona katika majuma machache, ingawa kama mmoja katika watatu hurudiwa. Lakini figo huweza kuugua pasipo maumivu. Kwa hiyo mkojo upimwe mara kwa mara kwa miezi 6, hata kama mtoto amekwisha kurudi shuleni na kucheza na wenzake.