Tuuze Nyumba, Tuishi Garini? Somo kwa Wana Ndoa

Somo letu safari hii linahusu neno ambalo limeanza kusikika hata katika familia zetu. Mume amefikisha miaka hamsini, amechoshwa na kazi ya mshahara. Watoto wawili bado wako shuleni, wengine wameanza kujitegemea. Kwenye simu ameona picha za Wazungu wanaoishi ndani ya gari lenye kitanda, jiko na choo, leo wako mlimani, kesho wako baharini. Jioni moja anasema: "Mama watoto, ya nini kungoja miaka sitini? Tuuze nyumba hii, tununue gari, tuizunguke nchi tukiwa bado na nguvu." Mke anacheka akidhani ni mzaha. Juma linalofuata anamkuta mnunuzi wa ploti ameketi sebuleni.

Tusimcheke bwana huyu. Mwaka 2009 umri wa kustaafu kwa watumishi wa serikali ya Kenya ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60, na wengi wetu tumewazika marafiki waliokuwa wakihesabu miezi ya mwisho ofisini. Kutaka kukaa na mwenzako kabla magoti hayajalegea ni tamaa njema. Wala kulala garini si dhambi. Kasoro ya bwana huyu iko kwa yule mnunuzi: amekuja kabla mke hajajibu.

Hapa kwetu Bura, kwenye kingo zote mbili za mto Tana (si Bura ya Taita yenye misheni ya zamani), hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta walimu wa nyumba zinazohama. Jirani zetu Wasomali wafugaji wanayo nyumba iitwayo aqal. Ni fito zilizopindwa zikafungwa pamoja, juu yake mikeka na ngozi. Hubomolewa kwa muda mfupi, ikapakiwa juu ya ngamia, na jioni ikasimama mahali pengine. Waorma nao wana nyumba za mviringo zinazofanana na hizo.

Sasa angalieni jambo ambalo wengi hupita bila kuliona. Aqal ni mali ya mke. Mama yake na wanawake wa ukoo wake humsaidia kuitayarisha anapoolewa. Yeye ndiye anayeijenga, anayeibomoa na anayejua kila fito inakaa wapi. Mifugo inaweza kuwa chini ya amri ya mume, lakini mume hawezi kumleta mnunuzi wa nyumba. Watu waliohamahama kwa karne nyingi walijua kwamba mwanamke asiye na mahali pa kudumu ni lazima awe na kitu ambacho ni chake kabisa. Je, katika mpango wenu wa gari, kadi ya gari itaandikwa jina la nani?

Tena wafugaji hawaondoki kwa sababu mtu amechoka. Kwanza hutumwa watu kwenda kupeleleza malisho na maji. Kazi hiyo Wasomali huiita sahan. Wakirudi na habari, wazee hushauriana, ndipo kambi ihame. Na mara nyingi familia haihami yote. Vijana huenda mbali na ngamia, lakini wazee, wagonjwa na watoto wa shule hubaki karibu na mji na maji. Kwa hiyo yule anayefikiri mfugaji huishi bila mizizi amekosea. Mizizi anayo, ila ameitandaza.

Tuje kwenye gari lenyewe. Aqal hupitisha upepo kati ya mikeka. Gari ni bati. Garissa joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na mwenye kulala ndani ya bati bila kivuli ataelewa upesi kwa nini wenyeji walichagua mikeka. Barabara nazo zina yake: Novemba 2023 mafuriko ya mto Tana yaliikata njia ya Garissa karibu na Madogo, abiria wakakwama. Na mkumbuke kwamba ploti ikikaa miaka kumi kwa kawaida hupanda bei, lakini gari likikaa miaka kumi hushuka bei.

Ugonjwa je? Tangu Oktoba 2024 michango ya NHIF imechukuliwa na SHA. Ukiacha kazi, hakuna mwajiri wa kukukatia. Utalipa mwenyewe, tena mapema. Mwenye sukari au shinikizo la damu aulize pia dawa atazipata wapi kila mwezi na daktari yupi atamfahamu.

Huko Marekani, baadhi ya wazee wanaoishi garini hawakuchagua. Walipoteza nyumba au akiba katika msukosuko wa mabenki wa mwaka 2008, wakawa wanafuata vibarua vya msimu kutoka jimbo hadi jimbo. Picha za machweo zipo, lakini nyuma yake yuko bibi wa miaka 67 anayebeba mizigo ghalani usiku.

Bura yenyewe ina funzo lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 familia kutoka sehemu nyingi za Kenya zilikuja kwenye mradi wa umwagiliaji kulima pamba. Zilikuja kwa hiari, zikiwa na matumaini. Mwishoni mwa miaka hiyo pampu zilishindwa, mashamba yakakauka. Katika taabu kama ile, aliyebakisha kishamba kwao ana pa kurudi. Aliyeuza vyote hana. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililo zito kuliko yote: msiuze pa kurudia. Kipangisheni nyumba ikiwa lazima, kodi iwanunulie mafuta.

Sheria nayo inasema. Kwa Sheria ya Mali ya Wana Ndoa ya mwaka 2013, katika ndoa ya mke mmoja mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya wote wawili. Idhini haipatikani kwa mke kununa siku tatu kisha akanyamaza.

Wengine huuliza: tutakuwa wa parokia gani? Sheria ya Kanisa imewafikiria. Asiye na makao popote huitwa kwa Kilatini "vagus", yaani mtu wa kutangatanga, na paroko wake ni paroko wa mahali alipo wakati huo. Kwa hiyo hamtakosa mchungaji. Lakini jumuiya ndogo ndogo inayojua jina la mtoto wenu mgonjwa haipakiwi kwenye gari, na paroko aliyewajua kwa siku mbili hawezi kugundua kwamba siku hizi hamwongei.

Maana mtagombana. Nyumbani mmoja hutoka nje akakagua kuku hadi hasira ipoe. Garini, kutoka kitandani hadi jikoni ni hatua moja.

Basi mfanye sahan yenu. Likizo ya Agosti kodini gari, au mwazime pikapu yenye turubai, mkaishi humo wiki tatu mfululizo, bila kulala hata usiku mmoja kwa shemeji. Andikeni kila shilingi ya mafuta, maji na matengenezo. Wiki ya pili mpishi awe mume na dereva awe mke. Mkirudi, kila mmoja aandike jibu lake kwenye karatasi kabla ya kusikia la mwenzake: ungependa kuondoka lini, na ni kitu gani hukubali kiuzwe? Halafu mbadilishane karatasi. Mnunuzi wa ploti angoje.